Zebaki Katika Hati za Forodha: Kumbukumbu za Karani wa Nchi ya Chai

Wengi walioandika juu ya nchi ya Kericho na Bomet wamesifu yale yaonekanayo kwa macho: chai iliyokatwa sawasawa juu ya vilima, mvua inyeshayo alasiri katika miezi mingi ya mwaka, na ile mvua ya mawe inayoweza kuharibu kwa nusu saa majani yaliyotunzwa kwa majuma. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa ya makaratasi, na makaratasi yenyewe yalikuwa ya forodha. Kwa hiyo niliijua nchi ya chai kwa upande ambao msafiri hauoni, yaani kwa vitu vinavyopandishwa kutoka bandari ya Kilindini ili chai ipate kukua, kuchumwa, kunyaushwa, kukaushwa na kupimwa, na kwa chai yenyewe inavyoteremshwa Mombasa kunadiwa. Katika vitu vyote hivyo kimoja kilikuwa chepesi mno kwa jumla ya uzito wake, hata mwaka mzima hakikujaza debe, lakini kilinishughulisha fikira kuliko mbolea yote niliyoipitisha: nacho ni zebaki, hasa ile iliyofungamana na elementi nyingine ikawa unga mwekundu au chumvi nyeupe, ambayo mtu asiyejua haitambui kuwa ni zebaki.

Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nikajifunza ukarani wa forodha Kilindini chini ya mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa na adabu ya kale na subira isiyokwisha. Mzee huyo alinifundisha kwamba kila bidhaa huulizwa maswali matatu, na kwamba maswali hayo yana mpango wake: kwanza, kitu hiki ni nini kwa asili yake, pili, kimetengenezwa kwa kazi gani, tatu, kimefungwa namna gani. Alisema, "Mwanangu, karani mvivu huanza na swali la pili, kwa kuwa jibu lake huandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku." Nilipokuwa Kilindini, nikishughulika na vitambaa, mabati na betri za redio, sikuuona uzito wa maneno hayo. Niliuona Kericho.

Nilipanda huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa nimeajiriwa na kampuni ya mashamba ya chai iliyotaka mtu wa kutunza hati zake za kuingiza na kutoa bidhaa. Wenyeji wa Kipsigis walinipokea kwa wema. Mtunza ghala, mzee ambaye vijana wote walimwita *boiyot* kwa heshima, alinikaribisha kwa maziwa ya mursik kabla hajanionyesha rafu moja ya bidhaa zake, na urafiki wetu ukadumu hadi alipostaafu. Kazi ya kila siku ilikuwa ya mambo makubwa na mepesi: mbolea ya chai, ambayo daraja zake zenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja hukaa kifungu 31.05, mitambo ya kukaushia majani, ambayo hukaa 84.19, na chai nyeusi yenyewe, ambayo ikifungwa katika mifuko inayozidi kilo 3 hutoka nchini kwa nambari 0902.40. Mambo hayo karani mwangalifu huyamudu kwa haraka, wala sina haja ya kumchosha msomaji nayo.

Mambo mazito yalikuwa maabarani. Mchai unaochumwa majani kila baada ya siku chache hupokonywa naitrojeni bila kukoma, na mwenye shamba asiyejua kiasi kilichobaki katika jani atatia mbolea haba akapata mavuno haba, au atatia nyingi kupita kiasi, mvua ikaichukua hadi mtoni. Kwa hiyo majani hukaushwa, husagwa, kisha huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfuriki mpaka naitrojeni yake igeuke kuwa amonia ipimikayo. Na njia hiyo, aliyoibuni Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, kwa muda wa karibu karne nzima ilitegemea katika maabara nyingi za ulimwengu kichocheo kimoja kilichoshinda vingine kwa upesi, ambacho ni zebaki au oksidi yake. Pamoja na oksidi hiyo, ambayo ni unga mwekundu wa kupendeza macho, palikuwapo kloridi ya zebaki, nyeupe mfano wa chumvi ya mezani, ambayo tone lake lilitiwa katika chupa za maji yaliyochotwa mitoni ili vijidudu visiyabadili kabla ya kupimwa. Na palikuwapo ayodidi yake, itumikayo kutambua amonia iliyo kidogo mno. Mkemia wetu, bibi mmoja wa Litein aliyesoma kwa bidii na kufanya kazi kwa mikono yenye glavu siku zote, alinionya siku ya kwanza nisiguse chupa yoyote kwa kidole kitupu, kisha akanieleza jambo ambalo vitabu vya forodha havilisemi kwa ufasaha kama wake: kwamba gramu chache za ile kloridi nyeupe zatosha kuua mtu mzima.

Sasa nieleze namna sumu hiyo ilivyoandikwa. Mfumo wa kuainisha bidhaa unaotumiwa leo karibu ulimwengu wote ulitiwa sahihi Brussels mwaka 1983, ukaanza kazi mwaka 1988, na nambari zake husomwa jozi kwa jozi: tarakimu mbili za kwanza ni sura, mbili za pili hukamilisha kifungu, mbili za tatu hukigawanya kifungu hicho, kisha kila nchi au jumuiya huongeza zake ikitaka. Kemia isiyo ya kaboni ni sura ya 28, na kemia ya kaboni ni sura ya 29. Katika mfumo huo, tangu 1988 mpaka matoleo yaliyotangulia lile la 2007, kampaundi za zebaki hazikuwa na nyumba yao. Oksidi ilikaa pamoja na oksidi za madini mengine katika 28.25; kloridi na ayodidi zilikaa 28.27, salfeti 28.33, nitreti 28.34, asetati ya zebaki ilihamia sura ya 29 katika 29.15, pamoja na chumvi za asidi ya siki. Na zile kampaundi kali kuliko zote, ambazo zebaki imeshikana moja kwa moja na kaboni, zilitupwa katika 29.31, kifungu kipana kilichokusanya mchanganyiko wa kila namna. Kila moja kati ya nambari hizo ilikuwa sahihi kwa kanuni ya wakati wake. Lakini lau waziri angeuliza nchi yake imeingiza zebaki kiasi gani katika chumvi na unga, hesabu za forodha zisingeweza kumjibu, maana kilo ya oksidi ya zebaki ilikwisha kuzama ndani ya kilo za oksidi nyingine zisizo na madhara. Boiyot, nilipomweleza jambo hili ghalani, alisema kwamba ng'ombe waliochanganywa na makundi ya jirani hawahesabiki mpaka warudi zizini. Nami sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya upungufu ule.

Katika miaka ya 1990 palifika Nairobi shehena ndogo ya kemikali za maabara, na wakala wa forodha aliyekuwa akitupitishia mizigo huko aliandika chupa zote kwa mstari mmoja, chini ya kifungu 38.22, kifungu cha vitendanishi vilivyotayarishwa kwa maabara. Alikuwa na hoja, nayo haikuwa ya kipumbavu: lebo zilitaja maabara, muuzaji aliuzia maabara, na mnunuzi alikuwa maabara. Lakini hoja hiyo ilianza na swali la pili la mzee wangu, ikaruka la kwanza. Oksidi safi ya zebaki haiwi kitendanishi kilichotayarishwa kwa sababu tu imesafishwa vizuri na kuuzwa kwa wakemia. Maadamu ni kampaundi moja inayojulikana kwa muundo wake, mahali pake ni katika sura za kemia, hata ikiwa imetiwa katika chupa ndogo nzuri na bei yake ni ghali. Nilikataa kutia sahihi mpaka kila chupa iandikwe kwa jina lake na kifungu chake.

Mkuu wa idara yangu hakufurahi. Aliniita ofisini akaniambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, "Bwana karani, tofauti ya ushuru ni ndogo, na maabara inangoja. Nani atakayetushukuru?" Nilimjibu kwamba hati ile haisomwi na mtoza ushuru peke yake. Mchukuzi wa lori huisoma ajue asipakie sanduku lile pamoja na unga wa ugali wa wafanyakazi. Mzima moto huisoma gari likipinduka katika miteremko ya njiani. Na mtunza takwimu huisoma baada ya miaka kumi akitaka kujua sumu ilikwenda wapi. Jina la "vitendanishi" lingewanyima wote watatu habari waliyostahili kupewa. Mkuu wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, andika," na tangu siku hiyo hakuniuliza tena swali hilo, jambo ambalo namshukuru nalo mpaka leo, kwa kuwa si kila mkuu hukubali kucheleweshewa mzigo kwa ajili ya jina.

Mabadiliko yalikuja na toleo la 2007. Hapo ndipo Shirika la Forodha Ulimwenguni lilipofungua kifungu 28.52, cha kampaundi za zebaki, ziwe za kaboni au zisiwe, isipokuwa malgamu, yaani zebaki iliyochanganyika na madini mengine. Na mwaka 2012 kikagawanywa sehemu mbili, 2852.10 kwa zile ambazo muundo wake wa kikemia umebainika, na 2852.90 kwa zisizobainika, mathalan zebaki iliyofungamana na tanini au na protini. Msukumo ulitoka kwa Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, ambao uliorodhesha kampaundi za zebaki zitumikazo kama viuatilifu miongoni mwa kemikali ambazo nchi haipaswi kupelekewa bila ridhaa yake iliyotangulia, na ambao katika ibara yake ya 13 ulitaka kemikali hizo zipewe nambari zao za forodha na nambari hizo ziandikwe katika hati za usafirishaji. Wanasheria walifahamu kwamba ridhaa isiyo na jina haiwezi kulindwa. Afisa wa forodha aliyepo Malaba, Namanga au Kilindini hana maabara mezani pake. Ana waraka, na kama waraka una nambari isiyotofautisha sumu na chumvi, ridhaa ya taifa zima hupita mbele yake asiione.

Uzuri wa kifungu hiki upo katika maelezo ya kisheria yaliyotangulia Sehemu ya VI ya mfumo, ambayo makarani wengi hawayasomi kwa kuwa yameandikwa kwa herufi ndogo. Yanasema kwamba bidhaa yoyote inayolingana na maelezo ya 28.43, 28.46 au 28.52 huainishwa hapo, wala si katika kifungu kingine chochote cha Sehemu ile, isipokuwa ikiwa ni ya mnururisho. Sehemu ya VI ni pana: imeshika kemikali, dawa, mbolea, rangi, manukato, sabuni, baruti na viuatilifu. Kwa hiyo kampaundi yenyewe ya zebaki, hata ikiwa na kaboni ya kutosha kuidai sura ya 29, hurudishwa 28.52 kwa nguvu ya maelezo hayo. Nakumbuka nilivyoyasoma mara ya kwanza, mvua ikipiga mabati ya ofisi, nikafurahi kwa niaba ya mzee wangu wa Lamu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, maana hapa sheria ya dunia nzima ilikuwa imeliweka swali lake la kwanza mbele ya mengine.

Hata hivyo kifungu hicho hakishiki kila kitu, na hapa ndipo hadhari inapotakiwa zaidi. Zebaki tupu, ile madini ya maji yenye kung'aa, si kampaundi, nayo hukaa 2805.40. Malgamu za madini ya thamani hukaa 28.43, na malgamu nyingine 28.53. Zingefuri likiwa jiwe la kuchimbwa ni mbale ya zebaki, nalo hukaa 26.17. Vipimajoto vya zebaki, ambavyo katika viwanda vya chai vilining'inia katika vyumba vya kunyaushia majani, kimoja kikavu na kimoja kilichofungwa utambi wa maji ili kupima unyevu wa hewa, ni vyombo vya sura ya 90, kifungu 90.25. Na kilichonisumbua zaidi ni michanganyiko. Vidonge vya kichocheo vilivyouzwa kwa maabara, ambamo oksidi ya zebaki imeshindiliwa pamoja na salfeti ya potasiamu, si kampaundi tena bali ni matayarisho, na matayarisho hutoroka 28.52 yakaenda sura ya 38. Sumu ni ileile na mkemia ni yuleyule, ila nambari haisemi tena zebaki. Katika mambo kama hayo rai yangu ilikuwa, na ingali, kwamba karani asijifanye mufti: aombe uamuzi wa maandishi kwa mamlaka ya forodha kabla mzigo haujapakiwa, na katika ombi hilo aandike wazi, bila kuulizwa, asilimia ya zebaki iliyomo.

Msomaji anaweza kuniona nimeshikilia mno mambo ya vifungu. Basi na atazame yaliyotokea Iraq. Katika mwaka 1971 nchi hiyo iliagiza ngano na shayiri za mbegu zilizopakwa methili-zebaki ili zisishikwe na ukungu ardhini. Nafaka zilipakwa rangi nyekundu kuwa ishara, na maonyo yaliandikwa juu ya magunia kwa lugha ambazo wakulima wa vijijini hawakuzisoma, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano ile ilitoka Mexico. Mahali pengi mbegu zilifika kupanda kumekwisha, ilhali njaa haijakwisha. Watu waliziosha, wakaona rangi imetoka, wakadhani sumu imetoka nayo, wakasaga, wakaoka mikate. Hospitali zililaza watu 6,530, na 459 kati yao walifia humo. Kila gunia lilikuwa na maandishi. Onyo lilikuwapo, tena lenye ukweli, lakini halikumfikia aliyelihitaji.

Wala hatuna haja ya kwenda Iraq. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. 32 miongoni mwao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, na krimu hizo zilikuwa na kloridi ya zebaki iliyofungamana na amonia. Kampaundi ile ikiwa katika pipa la kiwanda, leo ingeandikwa 28.52, na nambari yenyewe ingemwambia afisa yeyote kuwa ni zebaki. Ikiisha kukorogwa katika mafuta mazuri yenye harufu ya waridi ni krimu ya ngozi ya kifungu 33.04, na sabuni yake ni 34.01, pamoja na sabuni ambazo mama hununua kumwoshea mtoto. Niliziona krimu hizo sokoni Litein na Bomet siku za mishahara, zimepangwa juu ya turubai, na wasichana wachuma chai wakizinunua kwa fedha ya jasho la majuma. Siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu waliouza zebaki kwa jina la uzuri. Nambari ya forodha haikuwa na uwezo wa kuwalinda wasichana wale, kwa kuwa swali la pili na la tatu yalikuwa yamekwisha kulifunika la kwanza. Hapo ulinzi unabaki kwa mpimaji wa maabara, na kwa sheria inayokataza bidhaa yenyewe, si jina lake.

Sheria hiyo imekuja, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mapatano ya Minamata yalitiwa sahihi Japani tarehe 10 Oktoba 2013, Kenya ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi siku ileile, nayo yakaanza nguvu tarehe 16 Agosti 2017. Yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kutoa bidhaa nyingi zenye zebaki, pamoja na krimu za kung'arisha ngozi na vipimajoto vya kawaida. Mji wa Minamata uliyapa mapatano jina kwa msiba wake: kiwanda cha hapo kilitumia salfeti ya zebaki kuwa kichocheo, sehemu yake ikageuka methili-zebaki, kiwanda kikamwaga maji yake machafu katika ghuba, sumu hiyo ikaingia samakini, na kutoka samakini ikaingia kwa wavuvi na watoto wao, mpaka ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkemia wetu alipokuwa akisimulia habari hizo kwa vijana waliokuja kujifunza kazi, alizoea kukumbusha kwamba zebaki ya Minamata ilikuwa kichocheo, na ya maabara yetu ilikuwa kichocheo, na kwamba tofauti yao ni kiasi na uangalifu tu. Ndiyo sababu yeye alikuwa wa kwanza kudai tuache kuitumia, na maabara ikahamia kichocheo cha shaba.

Kuacha kuitumia kulizaa kazi mpya, kazi ya kuitoa nchini, na hapo nikajifunza kwamba kuainisha kitu kinachotoka ni kugumu kuliko kuainisha kinachoingia. Ghala lilikuwa na chupa za miaka mingi: nyingine zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani, nyingine zimeanza kutumiwa, nyingine lebo zimeliwa na unyevu wa Kericho, na pembeni madumu ya majimaji yaliyobaki baada ya kuchemshia majani. Tulizigawa kwa kuzitazama moja moja, mimi, mkemia na mtunza ghala aliyemrithi boiyot. Chupa iliyojulikana kwa yakini ilibaki kuwa kampaundi ya 28.52, hata kama hakuna aliyeitaka tena. Madumu yalielekea kifungu 38.25, cha mabaki na taka za kemikali. Na zile zisizosomeka tulizizuia mpaka zipimwe. Kisha ikawa lazima kufuata Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaotaka ridhaa ya maandishi ya nchi inayotoa taka za hatari, ya kila nchi zitakamopitia, na ya nchi itakayozipokea. Hati zilirudi mara nyingi kusahihishwa, kwa kuwa neno moja la orodha yetu halikulingana na neno la orodha ya wapokeaji. Sikuchukizwa na marudio hayo. Kila sahihisho lilikuwa mtu mwingine anayeuliza: hiki ni nini?

Wakati huo huo mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa. Tangu tarehe 15 Machi 2011 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza nje zebaki tupu, na pamoja nayo zingefuri, kalomeli (kloridi nyingine ya zebaki) na oksidi ya zebaki. Marekani nayo ilizuia zebaki tupu tangu mwaka 2013, na baadhi ya kampaundi zake tangu 2020. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniuliza kwa nini kampaundi zizuiwe pamoja na madini, ilhali hakuna mchimba dhahabu atumiaye oksidi. Mkemia alimjibu kabla yangu: oksidi nyekundu ikitiwa motoni huachana na oksijeni, na kinachobaki ni zebaki safi, hivyo aliyefungiwa mlango wa madini angepitia mlango wa unga. Na kutoka Kericho hadi machimbo ya dhahabu ya Migori si safari ya siku nzima. Huko, kama ilivyo Geita na Kahama, mchimbaji hukoroga zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono, kisha huchoma malgamu juu ya jiko, mara nyingi karibu na watoto, na mvuke anaouvuta haurudi nje ya mwili upesi. Ukiifahamu safari hiyo, kutoka chupa ya maabara mpaka jiko la Migori, hutaiona tena nambari 2852.10 kuwa ukarani mtupu.

Vijana walionirithi wana mitambo ambayo hatukuwa nayo. Hati hujazwa kwa kompyuta, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja tangu umoja wa forodha uanze mwaka 2005. Nawapa neno moja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kemikali za sura ya 28 huingia bila ushuru, mtashawishika kudhani kwamba kosa la nambari haligharimu kitu. Ombeni ankara yenye jina kamili la kemikali, ombeni karatasi ya usalama, linganisheni na nambari ya hatari ya Umoja wa Mataifa iliyo juu ya sanduku, ambayo kwa kloridi ya zebaki ni 1624 na kwa oksidi ni 1641, na hivyo vitatu visipopatana msitie sahihi.

Nanyi walimu wakuu wa shule za sekondari, tangu Kipkelion hadi Sotik na Bomet, katika kabati za kemia za shule nyingi kongwe zimo chupa zilizonunuliwa zamani ambazo hakuna mwalimu azitumiaye. Tafadhalini msizimwage chooni wala katika mito ya Kimugu, Itare au Kiptiget, kwa kuwa maji hayo hunywewa na watu na mifugo wa chini. Zifungieni, andikeni orodha ya kila chupa kwa jina lililo juu ya lebo na uzito uliobaki, ile isiyosomeka iandikwe kuwa haisomeki, kisha ipelekeni orodha hiyo katika ofisi ya kaunti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, mkaombe maelekezo kwa maandishi.